Bendi kali, lakini fundi wa sauti alituharibia usiku

Sijui nianze kusifu au kulaumu, ila kwa vile bado nina hasira acha nianze na hasira. Juzi kati nilienda kuona bendi ya rock hapa Nairobi, ukumbi mdogo upande wa Westlands, jina naliacha, wenyewe wakisoma watajijua. Kiingilio 1,000 kwa M-Pesa, baunsa mstaarabu, bia baridi, kila kitu shwari mpaka bendi ikaanza kupiga.

Hatukusikia neno hata moja. Dada anaimba kwa nguvu zake zote, mishipa ya shingo imemtoka, kinachotufikia ni gita na dramu tu. Na huyu dada anaimba Kiswahili jamani! Rock ya Kiswahili utaipata wapi mji huu? Tangu X FM, ile redio ya rock, itoke hewani sisi wapenzi wa rock ni kubahatisha tu, ukisikia kuna shoo unaacha kila kitu unaenda, halafu ufike maneno yenyewe yasisikike.

Kuna atakayesema nilisimama mbele sana. Ni kweli, kwenye ukumbi mdogo ukikaa mbele ampu ya gita inakupiga usoni moja kwa moja na sauti ya mwimbaji inapitia zile spika za pembeni, inakupita. Basi nikarudi nyuma mpaka kwenye mixer, ile mashine ya kupandisha na kushusha sauti, pale ambapo fundi mwenyewe anasikilizia, yaani hapo ndipo pangekuwa safi kuliko kote. Wapi! Fundi kakaa, anatazama mpira kwenye simu, mkono wa pili umeshika chupa, mixer hana habari nayo. Nikainama nikamwambia kwa upole, "Boss, sauti ya dada haisikiki, hebu mpandishe kidogo." Hakuinua hata macho. "Madam, hii ni rock. Ukitaka maneno nenda kanisani."

Kanisani! Nimelipa pesa yangu halafu naambiwa niende kanisani. Na kama aliogopa akimpandisha maiki itaanza kupiga yowe, si angeshusha magita? Hiyo ndiyo kazi yake, hakuna nyingine.

Sasa karibu na mwisho kukawa na wimbo mmoja, magita yakanyamaza yote, ikabaki besi na huyo dada. Ndipo nikamsikia. Sauti nzito, ina mkwaruzo fulani hivi, anaimba habari ya mama anayengoja mtoto stejini usiku na matatu ya mwisho imeshapita. Watu kimya, hata wa baa waliacha kumimina. Mwili ulinisisimka, halafu hasira ikapanda mara mbili, maana hapo ndipo nilijua tumenyimwa nini usiku mzima. Dramu ikarudi, dada akamezwa tena.

Nilikuwa nimeamua nyota moja. Lakini bendi ina kosa gani? Wao nawapa tano, hata kwa ule wimbo mmoja tu. Ukumbi sirudi. Au basi, wakipiga hapo tena nitarudi, siwezi kudanganya, ila yule jamaa asiwepo. Mwenye ukumbi, muondoe. Na nyinyi bendi, njooni na fundi wenu, kama shida ni pesa ya kumlipa semeni mashabiki tuchange, mimi natuma wa kwanza.