Programu za kuhifadhi madokezo: ipi uchukue kwanza

Ukitaka kujenga hazina yako ya maarifa kwenye kompyuta au simu, usianze kwa kutazama sura ya programu. Anza na maswali mawili. Dokezo nililoandika miaka mitatu iliyopita, ambalo sikumbuki hata kichwa chake, nitalipataje? Na siku nikitaka kuhama, nitatoka na nini? Nimezipanga programu hizi kwa majibu ya maswali hayo, ndiyo maana moja inayosifiwa sana utaikuta chini.

1. Obsidian

Kila dokezo ni faili la maandishi matupu ndani ya folda yako mwenyewe, kwa mtindo wa Markdown uliobuniwa mwaka 2004, unaopanga vichwa na orodha kwa alama chache za kawaida. Ukiifuta Obsidian leo, madokezo yanabaki palepale na yatafunguka katika programu yoyote ya kuandikia. Ni ya bure, na tangu 2025 hata anayeitumia kazini hadaiwi leseni. Kinacholipiwa ni huduma kama ile ya kusawazisha madokezo kati ya vifaa vyako.

Faharasa ndiyo inayoipa nafasi ya kwanza. Ukizungushia jina la dokezo mabano mraba mawili kila upande, [[hivi]], kiungo kimezaliwa, na dokezo lililotajwa huonyesha orodha ya madokezo yote yanayolitaja. Lebo zinakubali ngazi, mfano #afya/usingizi, na juu ya dokezo unaweza kuandika sifa zake: tarehe, chanzo, limekamilika au bado. Sehemu iitwayo Bases, iliyoongezwa 2025, huyakusanya madokezo yenye sifa unazotaka na kuyapanga katika jedwali.

Usijaribu kuorodhesha kila kitu. Niklas Luhmann, mwanasosholojia wa Ujerumani aliyefariki 1998, aliacha kadi zipatazo 90,000, na bado katika faharasa yake kila neno lilielekeza kwenye kadi chache tu za kuanzia. Kutoka hapo kadi zenyewe, kwa kutajana namba, zilimpeleka kwingine. Fanya hivyo hivyo: kwa kila somo unalolifuatilia, tengeneza dokezo moja la faharasa lenye viungo vitano au sita vya kuingilia, kila kimoja na sentensi inayoeleza kwa nini kipo hapo. Sentensi hiyo ina thamani kuliko lebo kumi. Ule mchoro wa Obsidian wa nukta na mistari, unaochora viungo kati ya madokezo na unaopendwa kuonyeshwa kwenye picha, ni mzuri kwa macho, lakini madokezo yakishafika mamia haukusaidii kupata chochote.

Angalizo langu ni viongezi, yaani programu ndogo za kuiongezea Obsidian uwezo. Vipo vingi mno, vinaweza kusoma mafaili yako, na vinashawishi mtu ajenge mfumo badala ya kuandika. Anza bila hata kimoja.

2. Joplin

Hii ni programu huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa yeyote, na kwa anayejali faragha ningeiweka ya kwanza bila kusita: ina usimbaji fiche wa mwisho hadi mwisho, yaani anayehifadhi madokezo yako mtandaoni hawezi kuyasoma, na unachagua mwenyewe pa kusawazishia, iwe huduma za kuhifadhi mtandaoni kama Dropbox na OneDrive, au seva yako mwenyewe yenye Nextcloud. Madokezo hukaa katika hifadhidata, kwa hiyo huwezi kuyafungua moja moja nje ya programu, lakini kuyatoa yote kwa Markdown ni kazi ya mibofyo michache. Kuunganisha dokezo na dokezo si kwepesi kama katika Obsidian.

Kwa sisi tunaoandika Kiswahili kuna jambo ambalo miongozo mingi hailigusi. Vitenzi vyetu hubeba viambishi mbele, na programu nyingi hutafuta kuanzia mwanzo wa neno. Ukitafuta "lipa", hupati "alilipa" wala "wamelipa". Obsidian hutafuta herufi popote zilipo, hivyo "lip" itakuletea "alilipa", "kulipwa" na "malipo" kwa pamoja, pamoja na takataka kidogo. Katika Joplin, weka mkwaju mbele, "/lip", nayo itatafuta hivyo hivyo. Jaribu hili kabla ya kulipia programu yoyote, maana ikishindwa hapa, nusu ya hazina yako itakuwa imefichika.

3. OneNote

Ichukue kama unaandika kwa kalamu kwenye skrini. Inatafuta ndani ya mwandiko na maneno yaliyo kwenye picha, na mpangilio wake wa daftari, sehemu na ukurasa haumsumbui mtu. Tatizo ni mlango wa kutokea: huhifadhi kwa muundo wake yenyewe, na njia rahisi ya kutoka ni PDF, ambayo haina uhai wa kuendelea kuhaririwa.

4. Notion

Kwa timu inayogawana majedwali na kazi, ni bora sana. Kwa hazina ya mtu mmoja naiweka hapa kwa sababu madokezo yako yanaishi kwenye seva za kampuni, na kufanya kazi bila intaneti kulikuja 2025 tu. Ukitoka unapewa Markdown na CSV (mafaili sahili ya majedwali), lakini mionekano uliyoipanga kwa jasho hutoki nayo ikiwa nzima.

5. Evernote

Bado inatafuta vizuri ndani ya picha na PDF. Hata hivyo, mwishoni mwa 2023 mpango wa bure ulibanwa hadi madokezo 50 na daftari moja, na siwezi kumshauri mtu mpya aanzie hapo. Kama umo tayari na unataka kuhama, toa daftari moja baada ya jingine kwa ENEX, muundo wa Evernote wa kutolea madokezo, kwa sababu faili hilo halibebi jina la daftari lilikotoka. Lipe faili jina la daftari, kisha liingize Joplin.

Logseq sijaipa namba. Inawafaa wanaofikiri kwa vidokezo vilivyopangwa ngazi kwa ngazi, lakini imekuwa ikijengwa upya kutoka mafaili kwenda hifadhidata, na ningesubiri itulie. Google Keep nayo itumie kunasa wazo ukiwa njiani, kisha mwisho wa juma ulihamishe.