Ziara ya kuongozwa kwenye vyumba vya Ashuru, British Museum

Kuingia British Museum, London, ni bure, na michongo ya Ashuru, dola ya kale katika Iraq ya leo, unaweza kuitazama bila kulipa chochote. Hata hivyo nasema ziara hii inastahili pauni zake, kwa sababu mwongozaji wetu alishikilia hoja moja mwanzo hadi mwisho: mfalme wa Ashuru alijiona anaendeleza kazi ya kuumba dunia.

Alianzia kwenye Enuma Elish, utenzi wa Babeli kuhusu uumbaji, wa vibao saba vya udongo. Humo miungu wanampa Marduk, mungu mkuu wa Babeli, fimbo, kiti na ufalme kabla hajapigana na Tiamat, mama bahari. Ndipo anamchoma mshale, anampasua pande mbili kama ng'onda, na upande mmoja anautandaza kuwa mbingu. Yaani ufalme ulitangulia mbingu na nchi! Wenzangu walishasogea, mimi bado naliwaza hilo.

Mwaka 689 KK Senakeribu, mfalme wa Ashuru, aliiangamiza Babeli. Katika nakala za utenzi huo zilizoandikwa Ashuru, nafasi ya Marduk ikachukuliwa na mungu wao, Ashur. Senakeribu akaagiza lango la hekalu la mwaka mpya lichongwe Ashur akimwendea Tiamat na upinde, na maandishi yake yanamtaja mfalme mwenyewe ndani ya gari la mungu. Kwa ujasiri huo, sishangai tena chochote.

Baada ya hapo, chumba chenye michongo ya mfalme Ashurbanipal akiwinda simba kinasomeka upya: mfalme anamkabili simba kama mungu alivyomkabili Tiamat. Simba jike ana mishale mgongoni, anakokota miguu ya nyuma iliyokufa ganzi huku bado ananguruma. Kwingine mfalme anamiminia divai simba waliokwisha kuuawa. Hiyo ni ibada. Hata muhuri wa dola ulionyesha mfalme akimchoma simba kwa upanga.

Kasoro ipo. Kundi lilikuwa kubwa mno, wa nyuma hatukusikia vizuri, na tulipitishwa haraka kwenye jiwe lililosimama nyuma ya kiti cha enzi cha Ashurnasirpal II. Pale mfalme amechongwa mara mbili, kulia na kushoto kwa mti mtakatifu, na juu yake mungu yuko ndani ya duara lenye mabawa. Jiwe hilo peke yake lingebeba nusu saa. Ukienda, uliza kwanza kundi lina watu wangapi, na mwombe mwongozaji aanzie hapo.