Filamu bubu za kutisha: uanze na ipi, na nakala gani

Nyingi za filamu hizi hakimiliki yake imekwisha Marekani, kwa hiyo yeyote mwenye mashine ya kurudufu anaweza kutoa Nosferatu yake na kuiuza. Jina kwenye kava halitoshi. Uliza nakala imetoka wapi.

1. Nosferatu (1922). Hii haina mpinzani. Mwongozaji F. W. Murnau alipiga picha za usiku mchana kweupe, kisha nakala zikatiwa rangi ya buluu ili mtazamaji ajue ni usiku. Nakala za bei poa hazina rangi hiyo: utamwona Orlok, mnyonya damu wa filamu hii, akikatiza mitaani na jeneza lake kwapani, jua linawaka, ilhali hadithi yenyewe inasema jua ndilo litakalommaliza! Mjane wa Bram Stoker, mwandishi wa riwaya ya Dracula, alishtaki kwamba riwaya hiyo imechukuliwa bila ruhusa, na mahakama ya Ujerumani ikaamuru nakala ziharibiwe. Zilizopona ndizo zilizounganishwa upya. Tafuta toleo la Murnau-Stiftung, wakfu wa Kijerumani unaohifadhi filamu za zamani, lenye rangi na muziki wa Hans Erdmann.

2. The Phantom of the Opera. Hapa unanunua filamu mbili: ya 1925, na ile iliyohaririwa upya 1929, ambayo picha zake ni safi zaidi. Chukua toleo lenye zote mbili, na uhakikishe sherehe ya vinyago ina rangi zake za Technicolor (mbinu ya awali ya filamu za rangi). Sura ya Lon Chaney, mwigizaji wa Phantom aliyejipodoa mwenyewe, inatosha kulipia diski.

3. The Cabinet of Dr. Caligari (1920). Hata vivuli vimechorwa kwa brashi ukutani. Toleo lililosafishwa 2014 linaonyesha mikwaruzo ya brashi. Mengine ni ukungu mtupu.

4. The Cat and the Canary (1927). Nyumba, wosia, warithi, mkono unaotokea ukutani. Ni fumbo zaidi kuliko kitisho, ila mimi naipenda.

Kabla ya kulipa, angalia deki yako. Diski za Blu-ray hufungwa kwa kanda, yaani maeneo ya dunia: za Afrika, Ulaya na nchi za Ghuba ni kanda B. Nyingi za Marekani ni kanda A, na deki ya kawaida ya huku itazikataa. Walio Marekani na Kanada, kinyume chake.

Ukikuta mtu anauza London After Midnight (1927) “kamili”, mpite. Filamu hiyo imepotea. Kilichopo ni picha za mnato zilizopangwa kwa ajili ya televisheni mwaka 2002.