TAHADHARI: Muuzaji wa "dozi ya UTI sugu" mtandaoni

Jamani, kuna mtu anauza "dozi ya UTI sugu" mitandaoni. Jina silitaji, kwanza analibadilisha kila mara. Mtamjua kwa maneno yake: vipimo hataki kabisa, "dalili zinatosha", na dozi ni hiyo hiyo kwa kila mtu, awe mjamzito, mzee au mwanaume.

Mimi nilimfuata nikiwa taabani. Mkojo unachoma, kila baada ya dakika chache niko chooni, na yanayotoka ni matone. Ukiwa katika hali hiyo, mtu akikwambia "siku tatu umepona" huna hata nguvu ya kumhoji. Nikatuma pesa. Vikaja vidonge ndani ya kifuko cha nailoni, havina jina la dawa, havina tarehe ya mwisho wa matumizi wala karatasi ya maelezo. Nikauliza ni dawa gani. "Mchanganyiko wa antibayotiki kali."

Ujanja wenyewe uko hapa. Siku ile ile mkojo ukawa wa rangi ya chungwa iliyokolea, hadi nguo ya ndani ikashika rangi, na maumivu yakapungua. Akaniandikia: "Unaona? Uchafu unatoka." Nikaamini, tena nikamsifia kwa rafiki yangu (nimeshamwomba radhi). Baadaye mfamasia aliposikia habari ya rangi akaguna. Kuna dawa ya kutuliza maumivu ya njia ya mkojo, fenazopiridini, inayobadilisha mkojo namna hiyo hiyo. Bakteria haiwaui. Kwa kuwa vidonge havikuwa na jina hakuweza kuapa kwamba ndiyo, ila mimi sina shaka.

Siku ya sita nikapata homa, baridi kali, kutapika na maumivu mgongoni chini ya mbavu. Muuzaji: "Ongeza dozi." Hospitali wakasema maambukizi yamepanda hadi kwenye figo. Mkojo ulipooteshwa maabara akapatikana bakteria E. coli, ambaye ndiye chanzo cha UTI nyingi, naye alikuwa sugu kwa antibayotiki za amoksilini na siprofloksasini, yaani hazimuui. Kilichoniuma ni kuambiwa kwamba ningewahi, tatizo likiwa bado kwenye kibofu, huenda nitrofurantoini ya siku 5 ingenitosha. Dawa hiyo hukusanyika kwenye mkojo, haiingii vya kutosha kwenye nyama ya figo, kwa hiyo kwangu muda wake ulikuwa umepita. Nikaanzishiwa sindano.

Nasikia sasa anauza pia siprofloksasini, eti "kinga" ya kumeza kila mwezi. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kuwa dawa za kundi hilo zisitumike kwa UTI ya kawaida kama kuna dawa nyingine ya kutibu, kwa sababu zinaweza kuharibu kano, misuli na neva, na madhara mengine hayaondoki. Yeye anazituma kama peremende.

Halafu kuchoma mkojo si lazima iwe UTI. Kisonono na klamidia huchoma vilevile, na dawa zake ni nyingine.

Kama vidonge vyake unavyo, usimalizie. Vipeleke kwa mfamasia pamoja na kifuko chake. Mwenye homa au maumivu ya mgongo asisubiri kesho. Mimi ameshaniblock, ila jana nimeona ukurasa mpya wenye jina jingine, picha ya mkojo wa chungwa ni ile ile.