Tahadhari kwa wenye magari Malindi: diski za breki "mpya" zilizokerezwa, na pedi bandia

Ninaandika tahadhari hii kwa wakazi wa Malindi, Watamu, Gede na Mambrui wanaojifanyia matengenezo ya magari yao nyumbani, kwa sababu kuna muuzaji wa spea anayewalenga wao hasa. Anatangaza diski za breki za mbele (sahani za chuma zinazozunguka pamoja na gurudumu) na pedi zake (vipande vinavyozibana diski ili gari lisimame) za magari madogo ya Kijapani kupitia vikundi vya WhatsApp na Facebook, anadai kwamba ni mali mpya ya kiwandani, na humfikishia mteja mzigo mlangoni kwa bodaboda. Diski hizo ni kuukuu zilizokerezwa, yaani zilizochongwa uso kwa mashine, zikapakwa rangi na kufungwa upya kwenye nailoni, na pedi zinazoandamana nazo ni bandia. Jina la mtu huyu na la ukurasa wake siyaandiki, kwa kuwa malalamiko yamekwisha kupelekwa kwa wahusika na ukurasa wenyewe umebadilishwa jina tangu hapo, lakini namna anavyofanya biashara yake nitaieleza kwa urefu ili atambulike hata akija kwa jina jingine.

Chambo chake cha kwanza ni bei. Seti ya diski mbili na pedi nne anaiuza shilingi 8,500, ilhali katika maduka ya mjini niliyoulizia, diski mbili peke yake zinaizidi bei hiyo. Bei ya chini haitoshi kumtia mtu hatiani, kwani wako wauzaji waaminifu wanaopunguza bei kwa kuwa hawalipi kodi ya duka. Linalopaswa kukushtua ni swali analouliza kabla ya kukubali oda: "Utafunga mwenyewe au utampelekea fundi?" Jirani yangu alipomjibu kwamba atampelekea fundi wake wa Maweni, aliambiwa kwamba mali ya gari lake imekwisha. Mkewe alipouliza kwa simu yake jioni hiyohiyo, kwa gari la aina ileile, akasema kwamba mumewe atafunga mwenyewe uani, mali ilikuwapo na ingefika asubuhi. Fundi anayeshika diski kila siku angeitambua kwa uzito na kwa kuitazama mara moja, na muuzaji analijua hilo vizuri.

Diski zilizonifikia mimi zilikuwa zimefungwa vizuri sana. Ndani ya nailoni kulikuwa na karatasi yenye mafuta mepesi, jambo linalotuliza moyo, kwa kuwa diski mpya huja na mafuta au utando mwembamba wa kuzuia kutu. Hata hivyo, nilipofuta mafuta yale kwa kitambaa nilikuta rangi nyeusi nzito ya kupuliza imepakwa hadi kwenye uso unaoshikwa na pedi, nayo ilibanduka kwa ukucha. Chini yake chuma kilikuwa na michirizi ya duara iliyoachwa na mashine ya kukereza, mizito upande mmoja na hafifu upande wa pili. Kwenye ukingo kulikuwa na maandishi yaliyotaka kuzibwa na rangi, na nilipoyasugua kwa brashi ya waya yalisomeka kwamba unene wa mwisho unaoruhusiwa ni milimita 20. Diski ya aina ile hutoka kiwandani ikiwa na milimita 22. Nilizipima kwa vernia, chombo cha kupimia unene, mahali kadhaa, sentimita moja hivi ndani ya ukingo, na vipimo vilikuwa kati ya 20.1 na 20.3. Kwa maneno mengine, nilikuwa nimeuziwa karibu milimita mbili za hewa, na diski ambayo ingepaswa kutupwa baada ya muda mfupi tu wa matumizi.

Kuna ishara nyingine ambazo hazihitaji chombo chochote. Chungulia kwenye nafasi zilizo kati ya nyuso mbili za diski, zile za kupitishia upepo. Rangi ya kupuliza haifiki huko, na diski iliyotumika katika mji wetu wa pwani, wenye upepo wa chumvi, huwa imejaa kutu yenye matabaka inayodondoka ukiigonga diski kwa mpini wa nyundo. Tazama pia tundu la katikati linaloingia kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu. Zangu zilikuwa na duara lililong'aa pale chuma kilipokaa juu ya chuma kwa miaka, na kuzunguka matundu ya bolti kulikuwa na alama za rimu iliyobanwa. Diski ambayo haijawahi kufungwa kwenye gari haina alama hizo.

Huenda mtu akauliza kuna ubaya gani ikiwa unene huo bado uko juu ya kiwango. Kazi ya diski ni kupokea joto na kulitoa, na chuma kikipungua joto hupanda haraka zaidi, likaingia kwenye pedi, kwenye kalipa (kibano kinachozisukuma pedi) na hatimaye kwenye mafuta ya breki. Mafuta yaliyozeeka na kunyonya unyevu huchemka mapema, yakafanya mapovu, na pedali ikazama hadi chini bila gari kupunguza mwendo. Diski iliyokerezwa vibaya, yenye unene usiolingana pande zote, humpa dereva mtetemo kwenye pedali na usukani kila anapokanyaga breki. Diski nyembamba pia hupasuka kwa urahisi zaidi, na pedi zikilika pistoni ya kalipa hulazimika kutoka nje kuliko ilivyokusudiwa.

Pedi ni mbaya zaidi ya diski. Sanduku lilikuwa na jina la kampuni inayojulikana, lakini herufi moja ilikosewa ubavuni na uchapaji ulitia wino kwenye vidole vyangu. Pedi za kampuni zinazojiheshimu huwa na namba iliyochapwa kwenye bamba la chuma, na mara nyingi huwa na herufi mbili kama FF au GG zinazoonyesha daraja la msuguano, ya kwanza kwa joto la chini na ya pili kwa joto la juu. Hizi hazikuwa na chochote. Pembe za nyenzo ya msuguano zilimeguka kwa kidole gumba, na kwenye pedi moja karatasi ya risiti ilipenya kati ya nyenzo hiyo na bamba lake. Pedi ya namna hiyo hubanduka, na hili si jambo la kukisia: mkazi mmoja wa Mambrui aliyenunua kwa muuzaji huyuhuyu alibandukiwa na pedi ya kushoto alipokuwa akiteremkia daraja la Sabaki. Bamba likaanza kusaga diski chuma kwa chuma, gari likavutwa upande mmoja, na ni kwa rehema za Mwenyezi Mungu tu kwamba barabara ilikuwa tupu mbele yake.

Ukimlalamikia, jibu lake liko tayari. Mimi aliniandikia: "Mzee wangu, breki si kazi ya uani. Mali ikishatoka hairudi." Anawauzia wanaofunga uani peke yao, kisha anawalaumu kwa kufunga uani. Ni kweli kwamba kazi ya nyumbani ina makosa yake. Usipoisugua kutu kwenye habu kabla ya kuweka diski, diski itakaa upande na usukani utatetemeka. Ukizishika pedi kwa mikono yenye grisi, breki itapiga kelele au itashika upande mmoja. Pini za kalipa zikiganda, pedi ya ndani italika kabla ya ile ya nje. Pedi mpya pia zinahitaji kuzoezwa kwa kukanyaga breki taratibu mara nyingi, kwa mwendo wa wastani, kabla ya kuaminiwa. Lakini hakuna kosa la fundi wala la mwenye gari linaloweza kuila diski karibu milimita mbili ikiwa bado ndani ya nailoni. Kwa hiyo msikubali kuburutwa kwenye mabishano ya jinsi mlivyofunga. Mrudisheni kwenye kipimo.

Jambo jingine nimelisikia kwa wanunuzi watatu, na mimi mwenyewe nimelishuhudia. Kijana wa bodaboda anapoleta mzigo huuliza kwa upole kama ungependa azichukue diski zako za zamani "akutupie". Siwezi kuapa zinakokwenda. Ila chuma chakavu kina wanunuzi wake wanaolipa kwa kilo, na sijapata kuona muuzaji wa spea anayegharimia usafiri wa taka za wateja wake. Msizitoe. Mkiwa hamzitaki, pigeni msumeno kwenye ukingo wake sehemu mbili tatu kabla hazijatoka nyumbani, ili asiuziwe mtu mwingine.

Anayetaka kununua diski kwa njia ya simu, kwa huyu au kwa mwingine yeyote, asitume pesa kabla ya kufungua na kupima mbele ya aliyeleta. Vernia ya kawaida inauzwa kwa bei ndogo katika maduka ya vifaa vya ujenzi, na mwenye kufunga breki zake mwenyewe hana budi kuwa nayo. Muuzaji huyu hukataa malipo ya till, yaani namba ya biashara, na kusisitiza pesa ziende kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, ambayo jina lake hubadilika kila mara. Risiti haandiki. Stika ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, iliyokuwa kwenye sanduku langu nilituma namba yake kwa ujumbe mfupi kwenda 20023, na jibu lililorudi halikuhusu breki kabisa.

Walionunua na kufunga tayari nawaomba wasianze safari ya Mombasa na gari hilo. Fungueni gurudumu, gari likiwa juu ya stendi na si juu ya jeki peke yake, mpime unene na mjaribu pembe za pedi kwa kidole. Malalamiko kuhusu ubora yanapokelewa na KEBS, na yale ya kughushi jina la kampuni yanapokelewa na mamlaka ya kupambana na bidhaa ghushi. Anayetaka kurudishiwa pesa zake anaweza kwenda mahakama ya madai madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Hifadhini diski, pedi, sanduku, nailoni na ujumbe wote wa malipo, na diski msizisafishe rangi yote. Acheni upande mmoja kama ulivyokuja. Muuzaji akisikia kwamba mnalalamika atajitolea kuwabadilishia mali bila malipo na kumtuma kijana aje kuichukua ile ya kwanza. Kijana akija, arudi mikono mitupu.