Uzoefu wangu: miaka miwili ya mwisho katika shule ya maandalizi ya wavulana, Uingereza

Mwanangu amemaliza darasa la nane katika shule ya maandalizi ya wavulana nchini Uingereza, yaani “prep school”, shule binafsi inayoandaa watoto kuingia sekondari. Mzazi anayejiuliza kama ambakize mtoto hadi miaka 13 au amhamishe akiwa na 11, kwanza atazame sekondari anayoilenga. Kama inapokea wavulana wa miaka 13, miaka hii miwili ina thamani kubwa. Kama nafasi zake nyingi hujazwa kwa watoto wa miaka 11, mhamishe mapema, hasa kwa kuwa tangu Januari 2025 ada za shule binafsi zinatozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20.

Kilichonifurahisha zaidi ni ufundishaji. Kila somo lina mwalimu wake mahususi, sayansi inafanyika maabara, na fizikia, kemia na biolojia zinatenganishwa. Mvulana wa miaka 12 anajifunza kuandika ripoti ya jaribio: anachobadilisha, anachopima, na anachoacha kilekile ili matokeo yaaminike.

Kilatini ndicho kinachowaangusha wanaohamia darasa la saba. Wenzao wameshakianza, wanajua miisho ya nomino na vitenzi, na mgeni huanza kubahatisha maana kwa kufuata mpangilio wa maneno. Hapo hukosea, maana mtenda na mtendwa hutambulika kwa mwisho wa neno. Omba afundishwe pembeni tangu muhula wa kwanza na afanye karatasi ya mtihani ya ngazi ya chini.

Kuhusu Common Entrance, mtihani wa kuingia sekondari akiwa na miaka 13, wazazi wengi hawaelewi jambo moja: maswali hutungwa na ISEB, bodi ya mitihani ya shule binafsi, lakini majibu husahihishwa na sekondari anayokwenda mtoto, nayo ndiyo hupanga alama za kufaulu. Karatasi ileile inaweza kutosha shule moja na isitoshe nyingine. Waandikie sekondari mapema, uulize alama wanazotaka na masomo wanayoyadai. Na kumbuka kwamba shule nyingi hutoa nafasi ya masharti miaka miwili kabla, kwa jaribio la kompyuta la kuchagua jibu, ambalo maswali yake hupanda ugumu kadiri mtoto anavyopatia. Anayesubiri darasa la nane ndipo aanze kuulizia, mara nyingi hukuta milango imefungwa.

Prepo ya jioni inasimamiwa vizuri: kimya, mwalimu yupo, na simu hazipo. Wanaolala bweni siku chache za wiki hufaidika kuliko wanaorudi nyumbani wamechoka baada ya raga. Lakini marudio ya likizo ya Pasaka yanabaki mikononi mwa mzazi. Vipindi vifupi asubuhi, karatasi za zamani kwa kutazama saa, kisha kusahihisha siku hiyohiyo. Kusoma daftari tu hakumsaidii.

Ukiranja wa darasa la nane nauthamini sana. Mvulana anasimamia foleni ya chakula, anawasomea wadogo, anamkaribisha mgeni. Kwa mpole asiyesikika kirahisi, kuwa mkubwa shuleni kwa mwaka mzima kunampa sauti.

Udhaifu ulionikera ni wiki za Juni baada ya mtihani. Shule yetu ilizijaza filamu na michezo isiyo na mpangilio, wakati ada ni ileile. Unapotembelea shule, omba ratiba ya wiki hizo iliyoandikwa: huduma ya kwanza, mapishi, kambi, mradi wa utafiti. Wakikujibu kwa maneno ya jumla tu, endelea kuuliza.