Bei ya Haki ya Boti ya Uvuvi Iliyotumika: Njia Tano za Kuipata, Kuanzia ya Kuaminika Zaidi

Anayenunua boti ya uvuvi iliyotumika hanunui kitu kimoja. Ananunua bodi, mashine, trela na vifaa, na kila kimoja huchakaa kwa mwendo wake, ndiyo maana boti mbili za umri na urefu uleule zinaweza kupishana sana kwa bei bila muuzaji yeyote kudanganya. Zipo njia tano ambazo watu huzitumia kufikia bei, nami nimezipanga kwa kuanzia ile ninayoitegemea zaidi.

Ya kwanza ni kutafuta bei ambazo boti za aina hiyo zimekwisha kuuzwa, kisha kutoa gharama za matengenezo. Bei zinazotangazwa hazitoshi, kwa kuwa hizo ni matumaini ya wauzaji. Afadhali kuwauliza madalali, mafundi na wavuvi boti kama hiyo iliondoka kwa kiasi gani. Tuseme tatu zinazokaribiana kwa urefu, umri na nguvu ya mashine ziliuzwa kwa 90, 100 na 110 kwa fedha yoyote ile, zote zikiwa tayari kwa kazi. Ikiwa unayoitazama inadai matengenezo ya 25, basi bei yake ya haki ni kama 75, na si ukorofi kuanza kuzungumza chini kidogo ya hapo, maana kazi ya boti huwa na desturi ya kuongezeka fundi anapofungua.

Hesabu hiyo haina maana pasipo ukaguzi, na ukaguzi uanzie shetrini, yaani nyuma ya boti. Katika boti nyingi za faiba, ubao unaobeba mashine una mbao katikati ya tabaka za faiba, na maji hupenya kupitia matundu ya bolti yasiyozibwa vizuri. Gonga eneo lote kwa mpini wa bisibisi, kidogo kidogo: mlio mkavu ni dalili njema, ilhali mlio mzito uliofifia huashiria mbao zilizooza au tabaka zilizoachana. Kisha inua mashine nusu, uegemee mguu wake kwa uzito wa mwili huku mwenzako akitazama. Ubao ukipinda, au nyufa zikifunguka kandokando ya bolti, weka katika hesabu gharama ya kuujenga upya, ambayo kwa boti ndogo yaweza kumeza nafuu yote ya kununua kitu kilichotumika. Kwa boti ya alumini tazama ribiti, maungio ya kuchomelea na vishimo vya kutu, na uulize kama imewahi kupakwa rangi yenye shaba, kwani shaba huila alumini ndani ya maji ya chumvi. Ya mbao hupimwa kwa ncha ya kisu kwenye mkuku (uti wa chini wa boti) na mataruma (mbavu zake), na kwa kuchunguza kalafati, yaani nyuzi zinazoziba nafasi kati ya mbao. Rangi mpya, kwa maoni yangu, huongeza maswali kuliko thamani.

Mashine iguswe kabla ya kuwashwa: ikiwa ina joto, muuzaji amekwisha kuiamsha ili isikutie mashaka ikiwa baridi. Fundi apime mgandamizo wa kila silinda, ambao kwa kawaida haupaswi kutofautiana zaidi ya asilimia 10 hivi, na afungue oili ya gia. Ikiwa na weupe kama maziwa, maji yameingia. Mwishoni boti ikimbizwe majini kwa mwendo wote. Mashine isipofikia mizunguko iliyoelekezwa na mtengenezaji, huenda rafadha (panga linalosukuma boti) haifai, mashine imechoka, au bodi imenyonya maji na kuwa nzito.

Njia ya pili ni kumlipa mtathmini wa vyombo vya majini. Kwa boti kubwa yenye injini ya dizeli ya ndani ningeipandisha iwe ya kwanza, mradi mtathmini awe wa mnunuzi, si wa kuletwa na muuzaji.

Ya tatu ni kujumlisha thamani ya bodi, mashine, trela na vifaa, kimoja kimoja. Inafaa hasa pale mashine mpya ilipofungwa kwenye bodi kuukuu. Kasoro yake ni kwamba jumla mara nyingi huzidi kile ambacho mnunuzi yeyote angelipa, kwa sababu vifaa vya kutafutia samaki na vya kuonyesha njia hupitwa na wakati upesi.

Ya nne, kupunguza bei ya boti mpya kulingana na umri, hufaa kukataa bei ya kupindukia tu. Hata hivyo umri wenyewe uhakikishwe: katika namba ya utambulisho iliyowekwa kwenye bodi kwa kufuata kiwango cha kimataifa cha ISO 10087, tarakimu mbili za mwisho huonyesha mwaka wa modeli.

Ya mwisho kabisa ni kufuata jumla ya fedha ambazo muuzaji amezitumia kwa boti yake. Risiti zake zinathibitisha kwamba boti imetunzwa, na kwa hilo zina manufaa, lakini hazimlazimishi mnunuzi kurudisha gharama hizo.

Bei ikishakubaliwa, malipo ya awali yaandikwe kuwa yatarudishwa endapo jaribio la majini litashindwa au hati zitaonyesha kuwa boti imewekwa rehani.